Dawa ya Mgomba

Huku kwetu neno pole haliuzwi. Aliyebeba mtungi huambiwa pole, aliyekohoa huambiwa pole, hata anayetoka shambani na jembe begani, mzima kama fahali, hupokewa kwa pole ya kazi. Wahenga walikuwa wakarimu wa neno hilo kutushinda sisi. Walimnyima mtu mmoja tu: yule aliyeuona mwiba, akaushika kwa mkono wake, akajidunga nao. Mwiba wa kujidunga, walisema, hauambiwi pole. Anayedhani walikuwa na roho ngumu na asikie yaliyompata Mzee Mulinge wa Mboghoni.

Mzee Mulinge alikuwa mgawa maji. Mashamba ya Mboghoni hunyweshwa kwa mifereji, na kila mkulima ana zamu yake. Malango ya mfereji hufungwa kwa kufuli ili mwenye tamaa asimwibie jirani, na kwa miaka kumi na tisa funguo zote zilining'inia kiunoni mwa mzee huyo. Hakuwa na upendeleo. Hata mkewe, Ndulu, aliwahi kuona mboga zake zikinyauka huku maji yakipita kwenda kwa wengine, kwa sababu zamu yake ilikuwa haijafika. Tena Mulinge alikuwa mzee wa kanisa, na tangu ujana wake pombe hakuijua hata kwa harufu.

Kulikuwa na desturi moja aliyoirithi kwa mgawa maji aliyemtangulia. Siku ya zamu, mgawa maji haonji kitu mpaka mkulima wa kwanza apate maji. Hakunywa chai wala uji. Aliamka, akafungua lango, akayafuata maji kwa miguu hadi yalipoingia shambani, ndipo akarudi nyumbani kula. Watu waliipenda desturi hiyo. Walisema tumbo likishiba halikumbuki kiu ya mwenzake.

Ugonjwa wa sukari ulipomwingia, vidonge vilimsaidia kwa muda, kisha vikashindwa. Katika kliniki ya Taveta, Sista Elsie alimweleza kwamba sasa lazima ajidunge insulini kila asubuhi. Kulikuwa na mradi uliokuwa ukigawa kalamu mpya za sindano kwa wagonjwa wachache, na mzee akabahatika kupata moja.

"Hii si kalamu ya kuandikia, mzee wangu," Sista Elsie alimwambia akicheka. "Lakini inaandika kuliko karani. Ukijidunga, inaweka saa na kipimo. Dawa ikipata joto kali, inawaka taa nyekundu. Sindano ikiziba, inalia. Dawa ikimwagika kabla haijaingia mwilini, inajua. Ikiwaka kijani, basi dozi imekamilika. Na kila kitu kinafika kwenye simu ya nyumbani na kwenye simu yangu hapa."

"Kumbe umenipa askari," mzee akasema.

"Nimekupa rafiki. Asubuhi unapiga ishirini, unahesabu mpaka kumi, ndipo unatoa sindano. Halafu unakula. Usikae bila kula, sukari itaporomoka, umenisikia?"

Mzee aliitikia kwa kichwa. Habari ya desturi yake ya kufunga siku ya zamu hakuitaja. Aliona ni mambo ya mfereji, na sista ni mtu wa hospitali.

Simu ya nyumbani ilikuwa ya Nasambu, mkazamwana wake. Nasambu alikuwa binti wa Bungoma, ameolewa na Hillary, mtoto wa pekee wa mzee, aliyefanya kazi ya reli mjini Voi. Shule yake iliishia darasa la nane, lakini macho yake hayakuishia popote. Alikuwa mtu wa maneno machache, mpole kama maji ya mtungini, na jambo likimpita mbele halikumpita bure. Kila asubuhi simu ililia, naye akasoma kwa sauti kutoka jikoni: "Yuniti ishirini. Saa kumi na mbili na dakika tano. Dozi imekamilika."

Yalikwenda vizuri kwa majuma mawili, maana zamu zilikuwa za mashamba ya karibu na alirudi kula mapema. Kisha ikafika zamu ya Omolo.

Asubuhi hiyo mzee alijidunga ishirini zake, akafunga mshipi wenye funguo, akaenda langoni bila kuonja kitu. Maji yalikuwa machache na shamba la Omolo liko mbali. Kufikia katikati ya njia miguu ilianza kumcheza. Jasho likamtoka kama mtu aliyetolewa mtoni. Alipotaka kusema "ziba pale," ulimi ulitoa maneno mengine yasiyoeleweka, na mara akaketi kwenye tope, funguo zikilia kiunoni.

Omolo alikuwa mtu wa mzaha. Aliegemea jembe lake akapaza sauti: "He! Mzee wa kanisa! Pombe ya mbangara asubuhi yote hii? Si ungeniachia na mimi kikombe!"

Waliokuwa karibu waliangua kicheko. Mwanamke mmoja alimpa mzee ndizi mbivu, akala, na baada ya dakika chache akawa mzima, akasimama, akayafuata maji hadi shambani. Mwili ulipona upesi. Kicheko hakikupona. Jumapili ile, alipopita kati ya viti kukusanya sadaka, aliona vijana wawili wakipigana viwiko. Usingizi ukamkimbia.

Hapo palikuwa na njia mbili. Moja ilikuwa kwenda kwa Sista Elsie kumwambia, "Ile dawa inanitetemesha, na siku ya zamu mimi sili." Lakini hilo lilikuwa sawa na kukiri kwamba mgawa maji hawezi tena kazi yake. Aliogopa kwamba funguo zingekwenda kwa mtu mwingine kabla ya mavuno. Akachagua njia ya pili.

Kuanzia siku hiyo alianza kujidungia nje, nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Ndulu alipouliza sababu, alijibu kwa ukali, "Unataka nijifunue tumbo sebuleni, mkazamwana akipita na sufuria? Hakuna heshima tena?" Ndulu akanyamaza, kwa maana neno hilo lilikuwa na uzito. Nasambu naye, akiona mzee ameshika kalamu, aligeuza uso, kama adabu inavyotaka.

Mara ya kwanza mzee aliimwaga dawa hewani. Kalamu ikalia, ikawaka nyekundu, na kabla ya saa moja Sista Elsie akapiga simu. "Mzee, naona dawa imemwagika. Kuna shida gani?"

"Iliniponyoka, sista. Mkono wa mzee huo."

Kesho yake akaitazama migomba. Kulikuwa na mmoja karibu na tangi la maji, mnene, laini, umejaa maji kama mwili wa mtu. Akachomeka sindano kwenye shina lake, akabonyeza, akahesabu polepole mpaka kumi kama alivyofundishwa. Kalamu ikawaka kijani. Jikoni, Nasambu akasoma: "Yuniti ishirini. Dozi imekamilika."

Kalamu ilijua kuhesabu, ilijua joto, ilijua sindano iliyoziba. Ngozi ya mtu na ganda la mgomba haikuweza kuvitofautisha. Kazi hiyo ilikuwa imeachiwa dhamiri ya mwenye kuishika.

Mitetemo ikaisha. Mzee akafungua malango bila kuyumba, na Omolo akakosa la kusema. Lakini sukari, ikiachwa, haikai bure. Kiu ilimkaba koo. Alikunywa jagi zima kabla ya jua kutoka, na alipoulizwa alisema, "Mgawa maji asiponywa maji, nani anywe?" Mashati yakamwachia mabega. Usiku aliamka mara sita kwenda msalani.

Kliniki ya mwezi ule, kipimo cha sukari kilisoma ishirini na moja, karibu mara tatu ya inavyotakiwa. Sista Elsie aliitazama simu yake, akamtazama mzee, akaitazama simu tena. "Hujakosa hata siku moja. Basi dawa ni kidogo. Tuweke ishirini na sita." Mwezi uliofuata ikawa thelathini na mbili. Baadaye arobaini. Na ili kuwatia moyo wagonjwa wengine waliokuwa wakiruka sindano, sista alimwomba asimame mbele yao. "Mnamwona huyu? Miezi mitano, hakuna doa. Mpigieni makofi." Wakampigia. Mzee alikaa haraka, akakodolea macho kofia iliyokuwa mikononi mwake.

Kulikuwa na jambo moja lililomsumbua. Utomvu wa mgomba ni kama gundi. Uliingia kwenye sindano ukakauka, na kalamu ikaanza kulia mara kwa mara: sindano imeziba, sindano imeziba. Sista alipouliza, mzee alisema, "Nilirudia sindano ya jana, nikidhani nabana matumizi." Akakaripiwa kidogo, akapewa sindano nyingi zaidi. Uongo wa kwanza ulikuwa umezaa, na wa pili nao ulikuwa na mimba.

Asubuhi moja Nasambu alikwenda kukata majani ya mgomba ya kufunikia sufuria ya pure ya mahindi na maharagwe. Alipoinama karibu na tangi alisikia harufu, ile harufu ya chumba cha sindano hospitalini. Akainusa mikono yake, haikuwa mikono. Akasogea kwenye shina. Kulikuwa na vidoa vya kahawia vya utomvu uliokauka, vidogo, vimejipanga safu kwa safu kama alama za chanjo, na vingine vilikuwa bado vibichi. Alisimama hapo mpaka kuku wakaanza kumdonoa miguu.

Jioni alimweleza Ndulu. Ndulu aliacha kupepeta maharagwe. "Mwanangu, ya baba mkwe wako usiyachungulie. Unataka watu waseme nini?"

"Mama, sikuchungulia. Nimeona mgomba."

"Mgomba ni mgomba."

Hata hivyo, Ndulu hakuweza kula. Walipomaliza chakula aliliweka jambo hilo mezani, kwa sauti ya chini, na mzee akakasirika mpaka mishipa ya shingo ikasimama kama kamba. "Nasambu! Leta hiyo simu yako. Soma ya leo."

Nasambu akasoma, macho chini. "Yuniti arobaini. Saa kumi na mbili na dakika nane. Dozi imekamilika."

"Imekamilika au haikukamilika?"

"Imekamilika, Baba."

"Basi. Mimi naweza kudanganya. Ndulu anaweza kudanganya. Mashine inaweza?"

Nasambu alikusanya sahani. Alipofika jikoni alimwambia mama mkwe wake maneno yaliyobaki moyoni mwa Ndulu kwa muda mrefu: "Mama, mashine haikudanganya. Imedanganywa."

Haukupita mwezi. Wakulima walikuwa wakifyeka nyasi mferejini, na panga la mzee likateleza likagusa kidole kikubwa cha mguu wa kushoto. Hakusikia maumivu yoyote, maana sukari ilikuwa imekwisha kuua hisia za nyayo. Nasambu ndiye aliyeona tone la damu kwenye ngazi ya mlango, akalifuata mpaka kwenye kiatu. Kidonda kilikuwa kidogo kama punje ya hindi. Baada ya juma moja kilikuwa kama sarafu. Baada ya majuma matatu mguu ulikuwa mweusi, unanuka, na Hillary akapiga simu kutoka Voi akisema mzee aletwe huko mara moja.

Wakamlaza katika hospitali moja mjini Voi. Joto la mji lilikuwa limeshaanza kupanda alipofika muuguzi wa zamu ya asubuhi. Alipima sukari: ishirini na sita. Akaiwasha kalamu, akasoma.

"Mzee, hapa naona unapiga arobaini kila asubuhi, na hujakosa kwa miezi minane. Ni sawa?"

"Hajawahi kukosa," Ndulu alisema. Alilitamka kama mtu anayejaribu kuliamini.

Muuguzi alimgeukia mgonjwa. "Nataka kusikia kwake. Ni arobaini, mzee?"

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa wazi mbele ya Mzee Mulinge. Neno moja tu lingetosha. Nasambu, aliyesimama miguuni mwa kitanda, alimtazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe. Mzee akageuzia macho ukutani.

"Kalamu haisemi uongo," akasema.

Nasambu alifungua kinywa. Ndulu akamshika mkono, na mkono huo ulikuwa na maana yake: mkazamwana hamkanushi baba mkwe mbele ya wageni. Nasambu akakifunga kinywa chake. Muuguzi akamdunga mzee arobaini, akaamuru apewe uji, akaenda kwa wagonjwa wengine. Uji ulipoletwa, mzee alikunywa vijiko viwili, akasukuma kikombe. Kichefuchefu cha kidonda kilikuwa kimemwondolea hamu.

Saa nne hivi, Nasambu aliona kitu. Joto lilikuwa kali na kila mtu wodini alitoa jasho, lakini jasho la mzee lilikuwa baridi. Midomo yake ilicheza. Alimwita Ndulu kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Kisha akasema, "Zibeni pale, maji yanapotea," macho yamegeuka, na mwili ukaanza kujikaza kama ubao.

Adabu ina mwisho wake. Nasambu alikimbia katikati ya wodi akipiga kelele, yeye ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

"Sista! Sista, njoo! Ile arobaini haijawahi kuingia mwilini mwake! Ilikuwa inakwenda kwa mgomba!"

"Kwa nani?"

"Mgomba! Mgomba wa ndizi! Baba hakuwa akijidunga!"

Muuguzi hakuuliza mara ya pili. Alipima sukari: ilikuwa imeshuka mpaka moja nukta sita. Mengine yalikuwa ni mbio za miguu na vyuma, glukosi ikasukumwa kwenye mshipa, mara moja, mara mbili. Ndulu aliketi sakafuni ameziba uso kwa leso. Nasambu alisimama akiwa ameshika mguu wa kulia wa mzee, kana kwamba akiuachia ataondoka.

Mzee alirudi. Alifungua macho adhuhuri, akaomba maji. Lakini mguu wa kushoto haukurudi. Siku mbili baadaye waliukata chini ya goti.

Daktari aliyemwona baada ya upasuaji alikuwa mtu wa makamo, hakumkemea. Alivuta kiti akaketi. "Mzee, kwa nini?"

Mzee akamweleza yote: desturi ya mfereji, mtetemo, kicheko cha Omolo, funguo. Daktari alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungemwambia tu sista wako kwamba siku ya zamu huli," alisema, "angekwambia unywe kikombe cha uji kwanza, au angepunguza dawa. Ni hilo tu."

"Kikombe cha uji," mzee akarudia.

"Kikombe cha uji."

Aliporudi Mboghoni kwa magongo, watu walijaa uani kumpa pole, wengine na ndizi, wengine na kuku, kama ilivyo kawaida. Funguo za malango alikuwa amezituma zimtangulie, na kamati ya maji ilikuwa imempa Omolo. Omolo alikuja zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa, kana kwamba aliona aibu kuzivaa mbele yake.

"Mzee," alianza, kofia mkononi, "ningejua ule ni ugonjwa, haki ya Mungu nisingecheka."

"Na mimi ningekwambia, usingecheka," mzee akajibu. "Zivae hizo funguo. Lakini siku ya zamu unywe uji kwanza. Desturi ile naifuta leo."

Kisha akaita, "Nasambu!" Nasambu alikuja na kikombe cha uji na kalamu. Mzee akanywa uji wote, polepole, watu wakimtazama. Akapandisha shati mwenyewe, pale pale uani, mbele ya wazee wa kanisa, mbele ya jirani, mbele ya mkazamwana. "Nidunge wewe, mwanangu. Wewe ndiye mwenye macho nyumba hii."

Nasambu akachomeka sindano, akahesabu mpaka kumi. Kalamu ikawaka kijani. Yuniti kumi na nne.

Omolo, machozi yakimlengalenga, alinyoosha mkono. "Pole sana, mzee wetu."

Mzee Mulinge aliutazama mkono huo, akayatazama magongo yake, kisha akautazama mgomba karibu na tangi. Ulikuwa umestawi, umezaa mkungu mkubwa, na safu za vidoa vyake zilionekana hata kutoka pale alipoketi.

"Mkono wako naupokea, Omolo," alisema. "Hilo neno lirudishe, umwekee mwenye haki nalo. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole."